Mwanahawa Alivyozunguka Tena

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mkuu wetu wa Chuo. Wazazi mliotoka Madimba, Naliendele na kwingineko. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi marubani wapya, ambao nawaona hamtulii vitini: habari za asubuhi!

Mimi ni Mwalimu Rebeka, na furaha niliyonayo leo sijui niiweke wapi. Naomba niwasimulie habari ya mmoja wenu, kwa ruhusa yake.

Mwanahawa alipokuwa bado anajifunza kutua, siku moja tulishuka kwa kasi, ndege ikagonga ardhi na kuruka juu. Kwa hofu akasukuma usukani mbele, nasi tukashukia pua. Mguu wa gurudumu la mbele ukapinda. Tulitoka wazima, lakini yeye alikwenda moja kwa moja bwenini kufunga mizigo, akampigia mama yake aje amchukue.

Bi Zuhura akaacha korosho zake shambani, akaja. Hakumuuliza binti lolote. Aliniuliza mimi kama nilikuwamo ndani ya ndege ile. Nikamjibu nilikuwamo.

"Na utapanda naye tena?"

"Hata leo, mama."

Akamgeukia bintiye. "Aliyeanguka na wewe hajakukimbia. Mimi nikupeleke nyumbani kwa lipi?"

Ndugu zangu, mngesema nini baada ya hapo? Mizigo ilifunguliwa. Tukarudi angani, tukatua na kutua, mpaka ikafika siku ya kuruka peke yake. Nami nikabaki chini, nikisikiliza redio.

Alipokaribia kutua, upepo wa baharini ukamsukuma. Ndege ikagonga, ikaruka juu, vilevile kama siku ile! Safari hii hakusukuma usukani. Aliongeza nguvu ya injini, akapaa, na kwenye redio tukamsikia akisema kwa sauti tulivu kabisa: "Nazunguka tena." Akapita juu ya mtaa wa Ufukoni, akarudi, akaiweka ndege chini taratibu mno. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka.

Marubani wapya, mtagonga tena ardhi siku moja. Mkigonga, ongezeni nguvu, mzunguke.

Mheshimiwa, leseni ya Mwanahawa imetoka, naye ameniomba nitangaze abiria wake wa kwanza. Bi Zuhura, hujawahi kupanda ndege, najua. Iko pale nje, imejaa mafuta, na mwanao anakusubiri.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Sasa tutokeni tukawaangalie.