Mzee Eustakio Chitanda, Aliyetupimia Mtaa wa Jiweni

Tarehe 30 Juni 2007, Mzee Eustakio Chitanda, fundi upimaji wa ofisi yetu ya ardhi hapa Ruangwa, anastaafu baada ya kuitumikia serikali miaka thelathini na mitatu. Wakubwa wa ofisi wamesema wasifu wake niuandike mimi mhudumu, kwa kuwa ndimi niliyempikia chai tangu alipohamia hapa. Binti yangu Prisca amenisaidia kunyoosha herufi. Maneno ni yangu.

Mzee Eustakio alianza kazi Nachingwea mwaka 1974, akiwa kijana wa kubeba mnyororo wa kupimia. Baadaye akasomeshwa, akarudi na cheti na darubini yake ya miguu mitatu. Wilaya ya Ruangwa ilipoanzishwa aliletwa huku pamoja na meza moja na kabati lisilofunga. Wenzake kadhaa waliomba uhamisho hata masika hayajaisha. Yeye akaoa huku huku, akalima korosho, akabaki.

Darubini ile imetuchekesha sana. Kijijini Likunja watu walidhani ni kamera. Babu mmoja aliiona imesimamishwa uwanjani kwake, akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu na koti, akaketi kitini mbele yake ametulia kabisa. Mzee Eustakio hakuwa na moyo wa kumwambia. Aliinama, akachungulia, akasema, "Ahsante babu, umetoka vizuri." Baada ya wiki babu akaja ofisini kudai picha yake! Ikabidi Mzee Eustakio amtafute mpiga picha wa Nachingwea, wapande wote pikipiki mpaka Likunja. Picha ile nasikia bado iko ukutani.

Sasa niseme la majina, maana hapo ndipo alipotusaidia wengi. Mitaa aliyoipima ukiihesabu utasikia Bondeni, Mchangani, Mlimani, Mikwajuni. Vijana wa ofisini walikuwa wakimtania kwamba amekosa majina mazuri. Yeye aliwajibu kwamba mgeni akifika mahali haulizi nani alikuwa mkubwa hapa, anauliza maji yako wapi na nyumba itasimama wapi. Ukiambiwa Bondeni, unajua uinue msingi. Ukiambiwa Mchangani, unajua uchimbe zaidi. Jina linamsaidia mwenye kujenga hata kama hana wa kumuuliza.

Lakini ilikuwapo sababu nyingine, nami niliielewa mwaka 2001, ulipopimwa mtaa wetu.

Mtaa huo ulikuwa shamba la wazi upande wa mashariki, na wengi tulioandikishwa viwanja tulikuwa wapangaji. Mimi wazazi wangu ni Wamakua waliotoka Msumbiji. Nimezaliwa huku, wanangu wamezaliwa huku, ila kila tulipopanga chumba, siku ya ugomvi wa ndoo au wa kuku tuliambiwa, "Rudini kwenu." Prisca alikuwa mdogo. Aliniuliza, "Mama, kwetu ni wapi?" Nilimwambia ale ugali wake.

Kabla ya kuweka mawe ya mipaka, wananchi walitakiwa wakubaliane jina la mtaa. Tukakutana kwenye banda la soko la zamani. Mwenzetu Abdalah alitaka mtaa uitwe kwa jina la mjomba wake, marehemu Kaimu, aliyefyeka pori lile. Mama mmoja, Goreti, alitaka uitwe kwa jina la baba yake, marehemu Kipriani, aliyechimba kisima tunachokitumia wote. Wote wawili walikuwa na haki yao, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Tena wale ni watani, Mmwera na Mmakonde, kwa hiyo hakuna aliyebanwa mdomo.

"Baba yako alichimba kisima kwa sababu alikuwa mvivu wa kwenda mtoni!" Abdalah akasema.

"Na mjomba wako alifyeka pori akitafuta panya wa kula!" Goreti akamjibu.

Tukacheka, lakini jua likapanda na jina halikupatikana. Mkubwa wa upimaji aliyetoka Lindi akafunga mkoba wake, akasema asipopata jina siku hiyo anarudi, na hajui atakuja tena lini. Niliogopa aondoke, nikose kiwanja. Tena niliogopa jina lenyewe. Nilijua vizuri, likiwa la ukoo wa mtu, siku ya ugomvi mwanangu ataambiwa kwamba hata hapo amekaribishwa tu.

Mzee Eustakio alikuwa anaangalia juu.

Wenyeji mnalijua lile jiwe kubwa bapa lililoko katikati ya shamba. Ndipo tunapoanika makopa ya mihogo, wanawake wote, wa msikitini na wa kanisani. Desturi yetu ni kwamba mvua ikija, aliye karibu anazoa ya wote. Haulizi ya nani. Siku ile wingu la kwanza la Novemba lilitokea nyuma yetu tukiwa bado tunabishana. Mwamina, jirani yangu, akapiga kelele, "Mvua!" Banda zima likatimka. Abdalah alikimbia amekunja kanzu kiunoni. Goreti alivua kilemba akakijaza makopa ya Mwamina, mimi nikazoa ya Goreti. Mkubwa wa Lindi akabaki na mkoba wake, anauliza watu wanakwenda wapi. Watu wakamjibu huku wanakimbia: "Jiweni! Jiweni!"

Tuliporudi tumelowa, makopa yamechanganyika, Goreti akiapa kwamba yaliyo meusi ni ya kina Abdalah, Mzee Eustakio alikuwa amesimama.

"Jina mmeshalitaja," alisema. "Mmeulizwa mnakwenda wapi, mkajibu wote kwa sauti moja."

Abdalah akauliza mjomba wake je, asahaulike? Mzee akamshika bega. "Mjomba wako atakumbukwa na wapwa zake, na Mzee Kipriani atakumbukwa kila ndoo inapojaa. Lakini jiwe halina wapwa, mwanangu. Hakuna atakayemfukuza mwenzake kwa ajili yake."

Abdalah akanyoosha mkono juu. Goreti naye akanyoosha. Mvua ilipokatika siku ile ile mawe ya mipaka yakaanza kuwekwa, na la kwanza la kiwanja changu alilishindilia Mzee Eustakio mwenyewe.

Mzee wetu, sisi wa ofisini tunakushukuru kwa subira yako, kwa utani wako, na kwa kutoruka kiwanja cha mnyonge hata siku moja. Dawa ya presha usiiache, nakuomba, na ukienda shamba uvae kofia. Mungu akupe uzee wenye afya na korosho zikuzalie.

Mwezi uliopita Prisca alipokelewa chuo cha ualimu Nachingwea. Nilimsindikiza, roho juu, naogopa maswali ya wenyewe. Mwalimu akamwuliza kwao ni wapi. Hakuniangalia mimi. Akasema, "Jiweni, Ruangwa." Mwalimu akaandika, akaita mwingine.

Mama Prisca,
mhudumu wa ofisi