Ugonjwa wa Wazir Mbambakofi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye kwake tumetoka na kwake ndiko marejeo yetu, mashekhe wetu, wazee wa Matondoni, wageni mliofika kutoka Siyu, Lamu na Mokowe, na akina mama mlioko ndani mnaosikiliza kwa kipaza sauti, assalaamu alaykum. Mimi ni Swafwan Jeilani, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia yake baada ya hitima hii, kabla hatujakaribishwa chakula. Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja wenye tarehe na sifa njema, nikampelekea mjane wake, Bi Amal, nikamsomea, naye akausikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, “Shemeji, humu hamna Wazir. Ulimtia aibu mbele za watu, mtakase mbele za watu.” Ukurasa ule nimeuchana, huu nimeuandika jana, nanyi mtanistahimilia kwani ni mrefu, na yaliyomo mengine naona haya kuyatamka.

Marehemu Wazir Jeilani Athman alizaliwa tarehe 4 Machi 1970, hapa hapa Matondoni, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Jeilani Athman, aliyekuwa fundi wa kukalafati vyombo vya baharini, kuziba nyufa za mbao zisivuje, na marehemu Bi Umulkheir, Mungu awarehemu wote wawili. Alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mmoja, akasoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1978 hadi 1985, wakiwa watoto wa mwanzo kuufanya mtihani mpya wa darasa la nane, kisha akaenda sekondari mjini Lamu, akamaliza mwaka 1989. Alikuwa hodari wa hesabu na mpole mno, mtu wa kucheka kabla hujamaliza kichekesho, na sikumbuki hata siku moja mama yetu aliyolalamika juu yake, ilhali juu yangu alilalamika kila juma.

Mpira alianza kuuchezea katika timu yetu ya kijiji, Nyota ya Matondoni, mwaka 1988, akiwa beki wa kati, na mwaka 1991 akachukuliwa na klabu moja ya Mombasa, iliyokwisha vunjika zamani, akaichezea misimu mitano. Mipira yote ya juu ilikuwa yake, hata mafundi wa hapa wakampa jina la Mbambakofi, kwa ule mti mgumu unaotia butu msumeno, na watoto wengi waliokulia Lamu walimjua kwa jina hilo bila kulijua alilopewa na baba yake. Alirudi nyumbani Juni 1996 baba yetu alipofariki, akapata kazi ya karani wa abiria kwenye gati ya Mtangawanda, na siku za mapumziko akawa anaichezea Nyota hadi alipostaafu mpira mwaka 2004.

Kocha wa Nyota miaka hiyo nilikuwa mimi. Kila jioni aliyokuwa hapa nilimsimamisha kwenye uwanja wa mchanga, nikamrushia mipira hamsini aipige kwa kichwa, mipira ile ya ngozi ambayo ikilowa mvua huwa mizito kama kiroba, na akikosea mmoja tulianza kuhesabu upya. Siku moja aliniambia, “Kaka, leo naona nyota,” nami nikamjibu, “Ndilo jina la timu,” wachezaji wakacheka, naye akacheka nao, tukaendelea.

Tarehe 6 Novemba 1997, mwaka wa zile mvua kubwa za Elnino, marehemu alimuoa Bi Amal binti Dawud wa Siyu, ambaye babake, Bwana Dawud, alikuwa akipita Mtangawanda mara kwa mara na kupendezwa na adabu ya karani. Waliruzukiwa watoto watatu, Aaliya aliyezaliwa Februari 1999, Jaafar aliyezaliwa 2002, na Israa aliyezaliwa 2007. Wakwe zake walimpenda, na aliwapenda, ijapokuwa aliwashinda katika fainali, na fainali hiyo sina budi kuieleza.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1999, mjini Lamu, sisi na timu ya Siyu, tukiongoza bao moja kwa bila, wakati Wazir aliporuka pamoja na mshambuliaji wao na vichwa vikagongana, mlio wake ukasikika mpaka ukutani walikokaa watazamaji. Alianguka, akakaa muda bila fahamu, nikammwagia maji, nikamnusisha kitunguu, na alipofumbua macho akaniuliza, “Baba yuko wapi?” ilhali baba tulikwisha kumzika miaka mitatu nyuma. Mhudumu wa afya aliyekuwapo siku hiyo, Bwana Mugambi, kijana aliyekuwa ameletwa kazini Lamu kutoka Meru, alinishika mkono, akasema, “Kocha, huyu asirudi uwanjani leo, wala mwezi huu,” nami mbele za watu nikamwambia, “Bwana mgeni, mpira wetu huujui.” Zilikuwa zimebaki dakika ishirini. Nikamwambia ndugu yangu asimame, akasimama, kwa sababu nilikuwa kaka yake, na katika dakika ya mwisho akauondoa mpira mstarini kwa kichwa kile kile, tukachukua kombe, tukambeba mabegani. Njiani kurudi alitapika mara tatu ndani ya boti, nikasema ni mawimbi, na bahari siku ile ilikuwa shwari. Jumanne yake nikamwita mazoezini.

Haikuwa mara ya kwanza kuzimia mikononi mwangu, wala ya mwisho. Nimejaribu kuhesabu, nazikumbuka tano.

Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, marehemu alianza kuumwa kichwa kwa namna ya kumlaza siku nzima gizani. Baadaye akaanza kusahau, akawa anawaandikia abiria wa Lamu kwenye boti ya Kizingitini, akasahau jina la mwanawe mdogo na kumwita “wewe mtoto,” ulimi ukawa mzito, miguu ikayumba, na yeye aliyekuwa mpole akawa mtu wa kuvunja vikombe kisha kukaa chini na kulia. Mwaka 2014 aliachishwa kazi, na mji ukasema anatumia unga, hizo dawa za kulevya ambazo zimewamaliza vijana wetu, na ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba maneno hayo niliyasikia yakisemwa na watu, lakini ukweli ni kwamba wengi wenu mliyasikia kwangu.

Ijumaa ya tarehe 15 Aprili 2016, hapa msikitini kwetu, Wazir aliyumba akiwa katika safu, akaangukia wazee waliokuwa mbele yake, nami nikasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje kwenye birika la kutawadhia waliisikia, “Mtoeni, amekwisha kula unga wake.” Aliinua uso, akanitazama, akajishika kichwa, akasema, “Kaka, ni kitwa. Ni kitwa tu.” Vijana wawili wakamtoa kwa kumshika kwapa, na mimi nikarudi kwenye safu nikaswali, swala ambayo sijui ilifika wapi.

Baada ya hapo niliona nimponye. Tarehe 10 Mei 2016 nilimfungia kwenye ghala la nyumba ya baba yetu, godoro chini na ndoo pembeni, nikatia kufuli, nikitaraji dawa zimtoke mwilini kabla ya Ramadhani. Bi Amal alikuwa akija kila siku kutoka kwake na uji, akimnywesha kwa kijiko kupitia nondo za dirisha, na kila siku aliniambia neno moja, “Shemeji, huyu hatumii kitu, mimi ndiye ninayelala naye, mimi ndiye ninayemfulia nguo,” nami nikamjibu kwamba mke mwema humsitiri mumewe. Siku ishirini na tatu alikaa mle. Tarehe 2 Juni alishikwa na kifafa, akajipiga ukutani, akavunjika jino, na Bi Amal, aliyekuwa dirishani, alipiga ukelele uliowatoa majirani, nao ndio waliovunja kufuli, kwa kuwa mimi nilikuwa mjini na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Agosti mwaka huo tulimpeleka Mombasa, Bi Amal na mimi, kwa daktari wa mishipa ya fahamu, Daktari Cherotich, ambaye alimpima damu na mkojo, akampiga picha za kichwa, kisha akatuita ofisini. Alisema, “Huyu hajatumia dawa yoyote. Ubongo wake umenywea kama wa mtu wa miaka themanini, na hapa pana kovu la damu iliyovuja zamani. Alikuwa akifanya kazi gani? Aligongwa kichwa mara ngapi?” Nikamjibu, “Alicheza mpira kidogo.” Bi Amal aligeuka akanitazama, kisha akamweleza daktari yote yeye mwenyewe, kuanzia mipira hamsini hadi boti. Daktari aliandika kwa muda mrefu, akasema ugonjwa huu huwapata mabondia, na wachezaji pia, hauna dawa ya kuurudisha nyuma, na kwamba kilichobaki ni kumtunza.

Sasa nafika mahali ambapo ningetoa chochote nisifike. Tulirudi kutoka Mombasa nikiwa nimeujua ukweli, na sikumwambia mtu. Watu waliponiuliza hali yake nilisema, “Tumuombeeni,” nikaliacha lile jina la mla unga liendelee kumkalia, kwa sababu ningesema ni kichwa, mngeuliza kiliumia wapi, na ningesema kiliumia mpirani, mngeuliza nani alimrudisha uwanjani. Nilikuwa mzee wa kuheshimiwa, mwenyekiti wa mashindano ya vijana, kombe la mwaka 1999 liko sebuleni kwangu kwenye kabati la kioo. Nilinyamaza mwaka wa kwanza, wa pili ukawa mwepesi zaidi. Mwaka 2019 watu waliokuja kumposa Aaliya walirudisha maneno, wakasema hawaozeshi kijana wao kwa binti wa mla unga, nami nilikuwa nimekaa kwenye mkeka ule ule, nikiwa na neno moja tu la kusema ambalo lingelimsitiri mtoto wa ndugu yangu, nikakohoa, nikanywa kahawa. Aaliya, mwanangu, uko ndani unasikia. Nilijua. Siku ile nilijua.

Kuanzia mwaka 2020 marehemu hakuweza tena kutembea peke yake, na kufikia 2023 maneno yalimwisha. Bi Amal alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani, hata hakuwahi kupata kidonda cha kulala, na Jaafar aliacha kazi Malindi akarudi kumsaidia mamake. Mimi nilikwenda siku za Idi. Jumapili iliyopita, tarehe 9 Novemba 2025, nilisikia amezidiwa, nikaenda, nikaomba tuachwe sisi wawili, nikamwambia yote, la fainali, la msikitini, la ghala na la kunyamaza, nikamuomba anisamehe. Alikuwa akinitazama mdomo. Nilipomaliza aliisukuma kwangu sahani yake ya tende zilizopondwa, kama mtu anavyomkaribisha mgeni asiyemjua, nikala, kwa kuwa sikujua la kufanya.

Marehemu alishindwa kumeza usiku wa kuamkia Jumatatu, mapafu yakaingia maji, akapelekwa hospitali mjini Lamu, akafariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Tulimwosha mimi, Jaafar na jirani yetu mmoja, na nilipofika kichwani nilikuta makovu manne, mawili juu ya nyusi na mawili ndani ya nywele, nikayatambua moja moja, kila moja na mechi yake, na jirani aliniambia nipumzike, amalizie yeye. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya Alasiri.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Lamu, na Daktari Cherotich aliyetupa ukweli kabla hatujaustahili. Namshukuru Bwana Mugambi, ambaye amevuka kutoka Mokowe kuja kuhani, amekaa pale nyuma, na nilipompa mkono hakunikumbusha neno. Nawashukuru majirani waliovunja kufuli, makarani wenzake wa Mtangawanda waliokuja kumtazama hata pale alipokuwa hawajui tena, na watu wa Siyu, ambao hawakumtaka Bi Amal amwache mumewe. Bi Amal mwenyewe shukrani yangu haimtoshi, naomba Mungu amlipe. Vijana wa Nyota mliokaa ukutani, mwenzenu akigongwa kichwa mtoeni nje, na kocha akikataa, mtoeni pamoja na kocha. Kombe lile kesho nitalitoa kwenye kabati, Jaafar ataamua la kulifanya.

Nilichosema msikitini siku ile nilikisema nimesimama, basi na hiki nakisema nimesimama, kwamba Wazir Jeilani hakutumia unga, hakulewa, hakumuibia mtu wala kumdhulumu, na anayenidai jawabu baada ya hapa ajue nyumba yangu ni ya tatu kutoka msikitini, mlango hautafungwa.

Mdogo wangu, Mola akupumzishe kwa amani. Ulikuwa mgonjwa.