Mto Haukuwa Umejaa

Mama zangu wa kikundi, na ninyi ndugu mliokuja kusikiliza, nawasalimu kwa upendo. Mnivumilie sauti ikitetemeka. Mimi ni mtu wa kuwaza sana; hata salamu hii nimeifanyia mazoezi njia nzima.

Nianze na swali lililoninyima usingizi tangu nimalize chuo. Je, mimi sina bahati, ama mimi ni mwoga? Kila mara nilijijibu kwamba sina bahati, kwa sababu jibu hilo halikunidai kufanya chochote.

Mnajua nilisomea ualimu wa hesabu. Shule moja ng'ambo ya mto ilitafuta mwalimu, ikaniita kwa mahojiano. Mama aliuza ndengu sokoni Tawa, akaninunulia shati. Asubuhi ya siku yenyewe nikalivaa, nikateremka hadi mtoni. Mto wetu mnaujua: karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, lakini mvua ikinyesha milimani hujaa ghafla na kubeba hata ng'ombe. Nikatazama milima, nikaona wingu. Nikaanza kuwaza. Wakiniuliza nisilolijua? Nikisimama ubaoni nikasahau? Nikatoa simu, nikampigia mwalimu mkuu.

"Mwalimu, mto umejaa. Hakuna kupita."

"Pole, kijana. Maji hayana mchezo. Rudi nyumbani."

Ndugu zangu, nawaambia, nilisema hayo nikiwa nimesimama juu ya mchanga mkavu.

Mama nilimwambia hivyo hivyo, naye akamshukuru Mungu kwamba sikusombwa. Mchana huo akaingia shangazi yangu, aliyeolewa ng'ambo lakini hajawahi kuacha kikundi hiki. Alikuwa na kikapu cha mapapai.

"Umevukaje na mto umejaa?" mama akamuuliza.

Shangazi alinitazama, akalitazama shati jipya. "Nimepita tu," akasema. Mama alipoingia jikoni, shangazi akavua kiatu, akakikung'uta mbele yangu. Vumbi tupu, hata tone la maji hakuna. Hajamwambia mtu yeyote hadi leo.

Mtu mwingine angeona aibu. Mimi nilitafuta maelezo. Labda alivuka mapema. Labda maji yalipita yakaisha. Baada ya muda niliamini kabisa kwamba mto ulijaa. Mwalimu mkuu nilimdanganya mara moja. Nafsi yangu niliidanganya kila siku. Kazi nyingine zilitangazwa, nikasema wameshachagua mtu wao. Mama alikuwa akinionea huruma, nami nikaipokea huruma hiyo kama chakula.

Halafu ikaja siku ya mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana, tulipokutana kuchimba mitaro ya kuzuia maji katika shamba la mmoja wetu. Kama ilivyo desturi yetu, aliyekosa kuja mara iliyopita husema sababu kabla ya kushika jembe. Mmoja akasema punda alipotea. Mwingine alikuwa na wageni. Zamu ya shangazi ilipofika, mwenyekiti wetu akamsaidia: "Wewe tunajua ni lile goti."

"Goti lilikuwa zima," shangazi akajibu. "Jua lilikuwa kali na sikutaka kuchimba. Nililala."

Watu wakacheka mpaka mmoja akaketi chini.

"Basi leo utachimba ya leo na ya siku ile," mwenyekiti akasema.

"Ndiyo maana nimekuja na jembe zito."

Akachimba. Hakuna aliyemdharau. Nilimtazama nikamwonea wivu, maana alikuwa mwepesi kuliko sisi wote. Mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe, msomi wetu?"

Nilikuwa na sababu tayari, nzuri, ndefu. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mto haukuwa umejaa."

Hamkuelewa. Shangazi alielewa, akaegemea jembe akasubiri. Nikaeleza yote, mama akisikia. Nikasema niliogopa mahojiano, na bado naogopa.

Mama mmoja akapangusa jasho. "Kumbe ni woga tu? Sisi tulidhani hukuelewa masomo. Shika jembe."

Mama yangu alisogea. Aliniachia nafasi kando yake kwenye mtaro.

Jioni hiyo nikampigia mwalimu mkuu, nikamwambia ukweli. Akasema nafasi ikitokea atanikumbuka. Sikumwamini, lakini alinikumbuka. Mwalimu waliyemchukua alihama, nami nikaitwa tena kwa mahojiano.

Namshukuru mwalimu mkuu. Namshukuru mama kwa ile nafasi mtaroni, nanyi mlionicheka bila kunitupa. Na shangazi, uliye mstari wa pili (msimgeukie, tafadhali): ulinionyesha kwamba mtu anaweza kusema ukweli juu yake mwenyewe na bado akabaki na heshima yake. Kazi niliipata, ndiyo, na woga ninao hata sasa hivi. Ninachowaachia ni hiki: ukishautambua woga wako kwa jina lake, unaweza kuupangia safari.

Kwa maana siku moja kabla ya mahojiano ya pili, niliona wingu tena, nikaondoka mama akiwa bado sokoni, nikaenda kwa shangazi.

"Naomba kulala kwako."

"Leo? Si mahojiano ni kesho?"

"Nikilala nyumbani, kesho nitatafuta wingu."

Akacheka. "Karibu. Lakini utateka maji."

Mvua ikanyesha milimani. Alfajiri simu ikalia, ni mama.

"Mwanangu, umelala wapi? Leo mto umejaa kweli. Utafanyaje?"

"Niko ng'ambo, mama," nikasema. "Nilivuka jana."