Kadibodi Safi Chini ya Gari la Mkunga

Waombolezaji wapendwa, huyu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Gia hata kabla hajapata mtoto, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, akiwa mtoto wa tatu wa dereva wa katapila na mama muuza vyombo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko kuu.

Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1973, akaendelea na chuo cha ufundi, ambako alifukuzwa wiki moja kwa kufungua kufuli la ofisi ya mkuu wa chuo ili aone linavyofanya kazi, na akarudishwa kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kulifunga tena.

Mwaka 1977 aliajiriwa katika karakana ya mabasi, akawekwa upande wa giaboksi, na mwaka 1991 alifungua gereji yake uani kwake, ambako magari ya zamani yaliyokataliwa kwingine yalipokewa kama wagonjwa.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na mshonaji, ambaye sasa ni mjane wake, baada ya kumtengenezea cherehani na kumrudishia na skrubu moja iliyobaki mkononi, naye mshonaji akamwambia mbele ya wateja, "Kaka, hii umeizaa wewe au ni ya cherehani yangu?" Walijaliwa watoto watatu, mmoja akatangulia mbele za haki akiwa mchanga, na wote watatu walipokelewa duniani na mkunga mmoja, ambaye leo ni mstaafu na yuko nasi hapa.

Mwishoni mwa mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akaanza kuwekewa dripu za dawa, na dawa hizo, pamoja na kumsaidia, zilimtia ganzi vidoleni na kumwondolea uwezo wa kunusa, hata akawa hajui kama chai ina tangawizi mpaka aulize. Madaktari walisema hali hiyo huwapata wengi, lakini kwa mtu aliyezoea kuijua nati kwa kuipapasa gizani, lilikuwa pigo ambalo mke wake hakulipima sawasawa, kwa kuwa yeye alikuwa akihesabu kilo alizopungua mumewe.

Aprili mwaka huu wa 2024 mkunga alileta gari lake dogo jeupe la mwaka 1962, lililokuwa likidondosha oili, na marehemu akakataa kusaidiwa. Alilipandisha juu ya stendi, akafungua shafti ya nyuma, akaishusha giaboksi kwa jeki na ubao, akaiosha kwa mafuta ya taa, akabadilisha sili, zile pete za mpira zinazozuia oili, ya mbele na ya nyuma, akakata gasketi mpya kwa kuigonga taratibu kwa nyundo, akairudisha, kisha akatandika kipande cha kadibodi chini ya gari, kama alivyofanya miaka yote, ili asubuhi kimwambie ukweli. Asubuhi kilikuwa na doa. Alirudia kazi yote, doa likarudi, akarudia tena akiwa na homa, na siku hiyo hakula, akakaa akivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

Kesho yake mke wake alitangulia kuamka, akakuta doa, akakiondoa kile kipande na kuweka kisafi. Marehemu alipokiona alicheka, akala chapati mbili, akampigia mkunga aje na funguo, na ilikuwa saa ya furaha kweli, mpaka alipoinama kukiokota akasoma maandishi ya boksi la sabuni, ilhali chake kilitoka kwenye boksi la misumari. Alimwuliza mkewe jambo moja tu, "Mama watoto, ulinionea huruma?" naye akajibu, "Nilitaka ule tu."

Mwezi Juni daktari aliwaonyesha picha zilizothibitisha kwamba uvimbe umepungua sana, watoto wakakumbatiana, lakini marehemu alimgeukia mkewe akasema, "Na huyu naye umempa kadibodi?" Nesi akacheka akidhani ni utani. Hakurudi tena kwenye dripu. Daktari alikuja mpaka nyumbani, watoto walilia, mke wake alipiga magoti sakafuni akaapa kwamba safari hii ni kweli, naye akamjibu kwa upole kwamba anajua anampenda. Alifariki tarehe 2 Novemba 2024, saa tisa alasiri, kitandani kwake.

Juzi, wakati wa kupanga viti uani, fundi mwenzake wa karakana ya mabasi, tunayemwita Kobe, aliingia chini ya gari la mkunga, akatoka akinusa kidole. Aliomba vile vipande vyenye madoa, ambavyo mjane alikuwa hajavitupa, akanusa kimoja kimoja, akasema, "Shemeji, hii ni oili ya injini. Oili ya gia inanuka kama kiberiti, mtu yeyote mwenye pua angejua." Sili iliyochoka ilikuwa ya nyuma ya injini, inayokaa mbele kidogo ya giaboksi na kudondoshea palepale, na marehemu hakuikagua kwa sababu alishavihukumu vidole vyake. Mjane aliuliza, "Kwa hiyo mikono yake?" Kobe akasema, "Mikono ilikuwa mizima." Hapo mjane akaagiza kwamba haya yasomwe yote, bila kupunguza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliosema kweli na hawakuaminiwa, majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wenzake wa karakana, na mkunga, ambaye ameomba gari lake libaki hapo uani mpaka mjane mwenyewe atakaposema liondoke.

Pumzika kwa amani, Baba Gia, amani ambayo sisi uliotuacha bado hatujaiona.