Mwalimu Rhoda Muthoki na Vijana Waliojenga Nunguni

Waombolezaji wapendwa, familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, Mwalimu Rhoda Muthoki Musyoka, aliyezaliwa Kilungu tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa Mzee Kisilu na Mama Nzilani.

Alisoma shule ya msingi hapa Kilungu hadi 1975, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979, akasomea ualimu, na Januari 1983 akaanza kufundisha darasa la pili karibu na soko la Nunguni, kazi ambayo hakuiacha hadi mwili ulipomshinda.

Mwaka 1984, ukame ulipomaliza mifugo na mashamba kule chini, watu wengi walipanda huku milimani, wakawa wanalala kwenye baraza za maduka, na mvua ya Novemba iliponyesha iliwakuta papo hapo. Muthoki, wakati huo kiongozi wa vijana wa kanisa, aliwakusanya wenzake kumi na wanne, akaenda kwa wazee wa kanisa kuomba mahali pa kuwajengea. Wazee waliogopa kwamba wageni wale hawataondoka tena. Alisimama, mikono nyuma, akawaambia, "Wazee wetu, hatuombi shamba, tunaomba ile kona ya mawe nyuma ya kanisa, ambayo hata mbuzi wameikataa."

Walipewa. Wakakata miti, wakakandika udongo, na nyumba ya kwanza ikawa ya Mama Syombua, mjane kutoka Nuu aliyekuja na wajukuu wawili. Siku ya kuingia, mama yule alisimama nje akakataa, akasema kwa upole, "Mlango unatazama baraza nilikokuwa nalala, nitaiona kila nikitoka." Vijana walinung'unika, hasa fundi wao, Musyoka Mbuvi, lakini Muthoki alichukua jembe akaanza kubomoa ukuta mwenyewe, na tangu siku hiyo hawakusimamisha nguzo hata moja kabla ya kumuuliza mwenye nyumba anataka mlango wake utazame wapi. Walijenga nyumba tisa.

Huyo fundi aliyenung'unika ndiye aliyemuoa, tarehe 16 Agosti 1986, na Mungu akawajalia Ndinda mwaka 1987, Muli mwaka 1989 na Mbula mwaka 1992.

Januari 1996 alianza kuugua figo, akatibiwa Machakos kwa muda mrefu, akisahihisha madaftari kitandani, na asubuhi ya tarehe 9 Mei 1997 akatuacha, Musyoka akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuchotea maji na kuwapikia watoto, walimu wenzake walioshika darasa lake, na vijana ambao jana, gari liliposhindwa na matope, walilibeba jeneza mabegani kutoka barabarani hadi hapa, wakipokezana, bila kulitua chini hata mara moja.

Umechoka, Muthoki. Sasa pumzika, mama, kwa amani ya Bwana.