Dada Yetu, Mwalimu Kasa Robo

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi cherehani, familia imeniomba niwasomee wasifu wake, na kwa kuwa dada alikuwa akinisahihisha kila nikifungua mdomo, leo ndiyo mara ya kwanza nitasema mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la samaki, akiwa wa kwanza kati yetu wanne, akasoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari, na mwaka 1983 akahitimu ualimu, akapangiwa shule ile ile ya msingi aliyosomea, na hapo hakubanduka hadi alipostaafu. Mwaka 1986 aliolewa na shemeji yetu, fundi majokofu, wakajaliwa binti na mvulana.

Mwaka 1992 alianzisha darasa la Alhamisi la viumbe wa baharini, akiwafundisha watoto habari za kasa na nguva wanaopungua, kwa wanyama aliowashona kwa vitambaa vilivyokuwa vikipotea kibandani kwangu, na siku ya kwanza aliandika ubaoni "saa tisa kasa robo" badala ya kasorobo, kama tunavyotamka sote, mtoto mmoja akauliza huyo kasa robo yuko wapi, na robo tatu zake nani kala. Darasa zima likavunjika mbavu, yeye hakucheka.

"Tumekula sisi, mwanangu," alimjibu. "Tuilinde hiyo robo iliyobaki."

Basi jina likamganda, nasi tukawa ndugu zake Kasa Robo, tupende tusipende.

Januari 2024 alianza kuugua figo, na mwezi uliofuata wanafunzi wake wa Alhamisi, ambao hakuwaacha hata alipostaafu, wakazungushia kamba kiota cha kasa ufukweni, maana vya miaka iliyotangulia vilichimbwa, mayai yakaliwa yote. Alikataa kulazwa mpaka yaanguliwe, nikamwambia dada acha ukaidi, akanijibu nikashone. Hatimaye alilazwa, watoto na wazazi wao wakapokezana zamu kiotani, naye kila jioni akawa anauliza kiota tu, jambo lililoniudhi sana, kwa sababu mimi nilikuwa namtaka yeye.

Jumapili tarehe 14 Aprili, alfajiri, mayai yaliangulika, vitoto vikaingia majini huku wanafunzi wakifukuza kunguru, na yule mtoto wa lile swali, ambaye sasa ni mama wa mwanafunzi, akaja wodini kumwambia, "Mwalimu, safari hii ni kasa wazima." Dada akacheka, kicheko alichokibana tangu siku ile darasani, akacheka mpaka muuguzi akaja kututuliza. Alifariki kesho yake, saa kumi na mbili kasa robo asubuhi, na wallahi saa hiyo sikuitunga mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotupikia, walimu wenzake, na ninyi watoto mliolinda kiota, mkampa dada yangu alichokingojea.

Pumzika, dada, kwa amani nzima, si kasa robo.