Mzee Hebu Kwanza na Kanda Aliyoisikia Kinyume

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Hebu Kwanza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Bibi alikuwa akisema kwamba hata kunyonya, alikagua kwanza. Tunamsoma leo kama alivyokuwa, kwa sababu tukimpamba angetaka kujua tunaficha nini.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956. Siku moja alipata alama zote za hesabu, akamfuata mwalimu ofisini kumuuliza anataka nini kwake. Sekondari aliingia bendi ya shule, na hapo akakutana na saksafoni, kitu pekee duniani alichokiamini bila kukihoji. Akakutana pia na kijana mmoja mrefu, mcheshi, mpiga piano, ambaye mpaka leo anaitwa Kinanda. Wakawa chanda na pete.

Mwaka 1969 aliajiriwa idara ya maji kama mtunza bohari. Hakuna fundi aliyepewa koki mpya bila kuonyesha mbovu, na ile mbovu nayo aliigeuza geuza. Jumamosi jioni alivua koti la kazi, yeye na Kinanda wakapiga jazi kwenye ukumbi wa hoteli. Waliomsikia wanasema akipuliza alikuwa mtu mwingine, mwepesi, asiye na neno na mtu.

Alimwoa mama yetu, muuguzi, tarehe 14 Desemba 1974. Alipoambiwa amekubaliwa, alirudi kesho yake kuuliza kama hawakumkusudia kaka yake. Mama anasema hapo ndipo alipompenda kabisa. Kila usiku baba alifunga mlango, akaujaribu, akaenda kulala, akarudi kuujaribu tena.

Mwaka 1983 yeye na Kinanda waliingia studio, wawili tu, saksafoni na piano, wakarekodi mchana kutwa. Studio ile ilikuwa na desturi yake: kanda ikishapigwa haikurudishwa mwanzo. Ilihifadhiwa vilevile, mwisho wake ukiwa nje, maana hukaa salama zaidi. Anayetaka kuisikiliza sharti airudishe kwanza, la sivyo itasikika kinyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Baba hakuambiwa hilo, wala hakuuliza. Aliingia siku iliyofuata wakati fundi mitambo amekwenda kula, ili asikie Kinanda amemfanyia nini kabla Kinanda hajapata nafasi ya kuficha. Akaipachika kanda jinsi alivyoikuta, akawasha. Saksafoni yake ikawa inameza pumzi, inaguna kama mtu anayekabwa. Piano ikawa inavimba, kisha inakatika ghafla. Hakusubiri zaidi. Alijua ameharibiwa kazi makusudi.

Alimwachia fundi ujumbe kwamba kanda itupwe, akarudi nyumbani, na kuanzia siku hiyo hakumsemesha Kinanda. Kinanda alikuja mara nyingi. Aliongea kupitia dirisha la jikoni.

"Shemeji, kosa langu nini?"

"Hata mimi sijaambiwa," Mama alimjibu.

Tulipomuuliza baba, jibu lake lilikuwa moja tu: "Anajua alichofanya." Saksafoni aliiweka juu ya kabati, na tulikua tukiiona pale.

Mwaka 2018 alianza kuugua moyo. Alipopewa vidonge alimwomba daktari aonje kwanza. Novemba mwaka huo, binti wa yule fundi mitambo, ambaye amerithi kazi ya baba yake, alikuwa anahamisha vitu studio akaikuta kanda rafu ya juu. Fundi hakuwa mtu wa kutupa jasho la wenzake. Binti akatuletea kanda pamoja na mashine yake, akaiweka kando ya kitanda.

"Mmeibadilisha," baba alisema kabla haijawashwa.

"Mzee, nikuwekee kama ilivyokaa."

Akawasha. Yakatoka yaleyale maguno. Baba akamnyooshea mashine kidole. "Ndiyo hiyo. Ndiyo aliyonifanyia."

Binti akazima, akairudisha kanda mpaka mwanzo, akawasha tena. Tuliokuwa chumbani tulimsikia baba yetu, kijana, akipuliza kama hana adui duniani. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, sauti ya Kinanda ikasikika ikicheka: "Tusiirudie, ndugu yangu. Sijawahi kukusikia ukipiga hivi."

Baba alijifunika shuka usoni. Baadaye akauliza kwa nini fundi hakumwambia habari za kurudisha. Mama akamuuliza kama aliwahi kumuuliza.

"Mwiteni Kinanda," alisema. "Lakini msimwambie ninamwitia nini."

Kinanda alifika na fimbo. Naye sasa alikuwa amejifunza wasiwasi, akasimama getini akitaka kujua nani mwingine yumo ndani.

"Nilidhani umeniharibia," baba alimwambia.

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Si ningekataa kwa sababu sikufanya?"

Baba akalia. Sisi wanawe hatukuwahi kumwona akilia, na ilituuma, kwa sababu ile miaka haikuwa na namna ya kurudishwa. Tangu hapo Kinanda alikuja kila alasiri, wakasikiliza kanda yao, na kila alasiri baba alihakikisha imeanzia mwanzo.

Alituaga alfajiri ya tarehe 2 Februari 2019, nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama.

Ameacha mke, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu sita, na ndugu yake, Kinanda. Orodha hii aliipanga mwenyewe. Alitaka Kinanda asomwe wa mwisho, tuone kama atasubiri au ataondoka. Baba, amesubiri. Amekaa hapa mbele, saksafoni yako iko magotini mwake.

Lala sasa. Mlango tumeufunga, na tumeujaribu mara mbili.